Leslie Brown: afisa wa kilimo aliyehesabu viota, kutoka Natron hadi visiwa vya Kiunga

Kila wiki chai kutoka nyanda za juu hushuka Mombasa kuuzwa. Mnada wenyewe ulianzia Nairobi mwaka 1956, ukahamia Mombasa mwaka 1969, na tangu hapo majina ya Kericho na Bomet yamekuwa majina ya kawaida katika maghala ya mji wetu. Sisi wa Pwani tunaijua chai hiyo ikiwa tayari imekaushwa na kufungwa. Watu wa Kericho na Bomet nao wanaijua bahari kwa kusimuliwa. Wachache sana wameifanyia kazi milima ya chai na pia wakavijali visiwa vidogo ambako ndege wa baharini hutaga mayai.

Mmoja wa wachache hao alikuwa Leslie Brown. Kwa ajira alikuwa afisa wa kilimo, na alipanda ngazi hadi akawa miongoni mwa wakuu wa Idara ya Kilimo ya Kenya kabla ya uhuru. Kwa mapenzi yake alikuwa mtu wa ndege, na huko ndiko alikopata jina duniani. Alifariki Agosti 1980. Zaidi ya miaka arobaini imepita, na vijana wengi wa Kiunga, Shimoni au Watamu hawajawahi kulisikia jina lake. Hilo ni pengo, kwa sababu jambo alilolisisitiza maisha yake yote linatuhusu sisi moja kwa moja: kundi kubwa la ndege halikwambii kama ndege hao wako salama. Kinachokwambia ni mahali wanapotagia. Na mara nyingi mahali hapo ni pamoja tu, au pawili.

Makala haya yanaeleza maisha yake kwa ufupi, kisha yanatazama visiwa vyetu.

Kutoka India hadi Embu

Leslie Brown alizaliwa India mwaka 1917, wazazi wake wakiwa Waskoti. Alisomea elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha St Andrews, Scotland, kisha akajifunza kilimo cha nchi za joto. Mwaka 1940 aliajiriwa katika idara ya kilimo ya kikoloni na kupelekwa Nigeria. Mwaka 1946 alihamishiwa Kenya, na hapa ndipo alipoweka makazi mpaka mwisho wa maisha yake.

Kituo kilichomjenga kilikuwa Embu. Mchana alikuwa shambani na wakulima, akitazama udongo, mvua, nyasi na mteremko. Alikuwa na mazoea ya kuisoma ardhi kwa mimea inayoota yenyewe: nyasi za aina hii zinakwambia mvua inatosha kwa zao fulani, nyasi za aina ile zinakwambia uachane nalo. Alipopata nafasi, alipanda kilima kimoja sehemu za Mbeere ambako tai wa aina kadhaa walijenga viota karibu karibu. Alikwenda tena na tena, mwaka hadi mwaka, akaandika tai gani ametaga, yai limeanguliwa lini, kinda ameruka au amekufa. Hakutosheka kusema kwamba tai wapo. Alitaka kujua jozi moja ya tai huzaa watoto wangapi kwa miaka kumi.

Kazi hiyo ilizaa kitabu chake cha tai cha mwaka 1955. Ilimpa pia nidhamu ambayo baadaye aliipeleka kwenye maziwa na kwenye bahari: rudi mahali pale pale, hesabu, andika, linganisha.

Chai, ardhi na serikali iliyomwajiri

Haifai kuyasimulia maisha ya afisa wa kikoloni kana kwamba alifanya kazi mahali pasipo na historia. Brown alipofika Kenya, Kericho ilikuwa tayari nchi ya mashamba makubwa ya makampuni ya Kizungu. Kampuni hizo zilianza kupanda chai kwa wingi miaka ya 1920, katika ardhi ambayo Wakipsigis walikuwa wameondolewa. Mwaka 1934, miaka kumi na miwili kabla Brown hajafika, serikali ilitunga sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Mkulima Mwafrika alizuiwa kwa miaka mingi kupanda chai yake mwenyewe. Malalamiko ya ardhi hiyo bado hayajaisha hadi leo.

Mambo yalianza kubadilika baada ya 1954, pale mpango wa kilimo uliobeba jina la Roger Swynnerton ulipofungua njia kwa wakulima wadogo kulima mazao ya kuuza. Mwaka 1960 kikaundwa chombo cha kusimamia mazao hayo maalumu, na mwaka 1964 kikafuatiwa na mamlaka ya chai ya wakulima wadogo, ile tunayoijua kwa jina la KTDA. Brown alikuwa mmoja wa maafisa wa juu wa idara katika miaka hiyo. Mwaka 1963, wakati anaondoka serikalini, idara ilichapisha waraka wake kuhusu sera ya taifa ya mazao ya biashara, na mwingine kuhusu maendeleo ya maeneo makavu.

Ukimfuata katika kazi hiyo unaona fikra ile ile ya viota. Chai haioti kila mahali penye kijani. Inataka mvua nyingi iliyogawanyika vizuri mwaka mzima, udongo wenye asidi, na mwinuko wa kadiri. Kericho hupata karibu milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na ndiyo maana majani huchumwa miezi yote. Lakini ukanda huo ni mwembamba. Ukishuka kidogo mvua haitoshi, ukipanda sana baridi inaua majani. Baada ya kustaafu, Brown alishirikiana na mtaalamu wa hali ya hewa, J. Cochemé, kuandika utafiti mkubwa wa hali ya hewa na kilimo katika nyanda za juu za Afrika Mashariki, kazi iliyofanywa chini ya mashirika ya Umoja wa Mataifa. Kila walipotazama, swali lilikuwa lile lile: zao hili linaweza kuishi wapi hasa, na pakiharibika litakwenda wapi?

Matope ya Natron

Sasa tugeukie heroe, ndege ambao Wakenya wengi huwaita flamingo. Katika miaka ya 1950 watu walikuwa wakimiminika Ziwa Nakuru kutazama mamia ya maelfu ya heroe wadogo. Ukiwaona wamefunika ufuo wote kwa rangi ya waridi, ungeapa kwamba ndege hawa hawawezi kwisha kamwe. Hata hivyo, swali moja dogo liliwashinda wataalamu. Wanazaa wapi? Nakuru walikula, wakacheza, wakaondoka, lakini hawakuonekana wakilea makinda.

Brown alilichukua swali hilo kama lake. Mwaka 1954 aliruka kwa ndege ndogo juu ya Ziwa Natron, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na katikati ya uwanda wa magadi akaona makundi ya heroe waliokaa juu ya viota. Kuona kutoka angani hakukumtosha. Aliamua kwenda kwa miguu.

Natron si ziwa la kutembelewa. Maji yake ni machache, yenye magadi makali, na juu ya matope kuna ganda linaloonekana gumu mpaka ulikanyage. Jua likipanda, matope hayo huchoma. Brown alitembea peke yake, ganda likakatika, akazama mguu baada ya mguu. Viatu vyake vikajaa maji ya magadi. Alilazimika kugeuka kabla hajafika kwenye viota, na alijikokota kurudi kambini huku ngozi ya miguu ikiungua ndani ya viatu. Alipelekwa hospitali ya Magadi akiwa hajitambui vizuri, kisha Nairobi. Alilala hospitalini kwa wiki kadhaa na akabandikwa ngozi nyingine miguuni. Ilikaribia kumgharimu maisha.

Alipopona hakuliacha ziwa. Alirudi kulichunguza kwa njia ya busara zaidi, akitumia ndege na kutazama kutoka mbali, na mwaka 1959 akatoa kitabu kuhusu fumbo la heroe. Alieleza jinsi wanavyorundika matope kuwa kiota kama mnara mfupi, jinsi wanavyotaga yai moja tu, na jinsi makinda yanavyokusanyika katika makundi makubwa na kutembea pamoja kutafuta maji mazuri zaidi.

Kilichobaki kuwa cha maana kuliko vyote ni hiki: mamilioni ya heroe wadogo wa Afrika Mashariki, wale wa Nakuru, Bogoria na kwingineko, wanategemea Natron peke yake kama mahali pa kuzalia kwa uhakika. Wana maziwa mengi ya kula na chumba kimoja tu cha kujifungulia.

Mwaka 1962 mafuriko yaliharibu Natron, na heroe wakaamua kujaribu Ziwa Magadi. Huko magadi yalikuwa mazito mno. Yaliganda kwenye miguu ya makinda kama bangili za jiwe, mpaka makinda hayakuweza kutembea. Watu wa kujitolea waliingia ziwani na kuvunja bangili hizo moja moja, wakaokoa maelfu ya makinda. Alan Root, aliyekuja kujulikana kwa filamu za wanyama, alikuwa mmojawapo. Miaka michache baadaye yeye na Brown walichapisha pamoja utafiti kuhusu tabia ya kuzaa ya heroe wadogo. Mwaka ule ulionyesha wazi kinachotokea chumba cha kujifungulia kikifungwa.

Mau: mlima mmoja, pande nyingi

Hapa Kericho na Bomet zinaingia katika hadithi ya ndege kwa njia ambayo wengi hawaifikirii. Kaunti hizo mbili zimekaa mgongo wa magharibi wa Mau. Msitu wa Mau ndio unaolea mvua na ubaridi unaoinywesha chai. Upande wa Bomet mito ya Nyangores na Amala huteremka na kuungana kuwa mto Mara, unaokwenda Ziwa Victoria. Upande wa mashariki mito midogo huelekea Ziwa Nakuru. Na upande wa kusini huanzia Ewaso Ng'iro wa Kusini, unaopita Narok na kumwaga maji yake Natron.

Kwa hiyo mlima unaomlisha mchuma chai wa Bomet ndio unaopeleka maji kwenye mazalio ya heroe. Mwaka 2001 serikali iliondoa zaidi ya hekta 60,000 za Mau kutoka hifadhi ya msitu, na miaka iliyofuata iligharimu nchi fedha na machozi mengi kujaribu kurekebisha. Mapema zaidi, mwaka 1986, ilianzishwa mikanda ya chai ya Nyayo, ambapo chai ilipandwa pembezoni mwa misitu ili iwe uzio kati ya mashamba na miti. Brown alikuwa ameshafariki miaka sita. Hata hivyo, wazo la kuchora mstari na kusema zao liishie hapa, msitu uanzie pale, ni wazo ambalo afisa huyo wa kilimo angelielewa mara moja.

Mwari na kisiwa chao

Baada ya 1963 Brown hakurudi Uingereza kama wenzake wengi. Aliishi Karen, nje ya Nairobi, akijitegemea kwa uandishi na kazi za ushauri. Alikwenda Ethiopia kuchunguza wanyama wa milimani, na mapendekezo yake yalisaidia kuzaliwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Bale. Aliandika na Dean Amadon kitabu kikubwa cha tai, mwewe na kozi wa dunia nzima, kilichotoka mwaka 1968. Waliomfahamu walimjua kuwa mtu wa maneno ya wazi, asiyevumilia kazi ya kubahatisha.

Huko huko Ethiopia, yeye na Emil Urban waliwachunguza wari weupe wanaotaga kwenye kisiwa ndani ya Ziwa Shala. Jambo la kushangaza ni kwamba Shala lina samaki wachache sana. Wari walikuwa wakipaa kila siku kwenda kuvua Ziwa Abijatta, jirani, na kurudi kisiwani kulisha makinda. Walikichagua kisiwa hicho kwa usalama. Mnyama wa nchi kavu hafiki.

Kuanzia 1968 hali kama hiyo ilionekana Kenya. Wari walianza kutaga kwenye visiwa vya mawe vya Ziwa Elmenteita na kwenda kuvua Nakuru. Heroe wakubwa nao walitaga hapo, lakini korongo wakubwa wenye mfuko shingoni, wale wanaoitwa marabu, waliwavuruga mpaka wakaviacha viota vyao. Brown alilifuatilia hilo pamoja na wenzake na kulichapisha mwaka 1973. Aliona kwamba marabu wachache tu wakitembea katikati ya viota wanaweza kuvunja kazi ya maelfu ya wazazi. Hawahitaji kula kila yai. Ndege akishtuka mara nyingi, anaondoka, na yai lililoachwa juani limekufa.

Na ziwa likikauka, kisiwa huungana na nchi kavu, na usalama wote hupotea. Kwa macho ya mpita njia hakuna kilichobadilika: wari bado wanaruka, heroe bado wapo. Kumbe mwaka huo hakuna mtoto aliyezaliwa.

Visiwa vyetu

Kwa ujuzi huo Brown aliigeukia Pwani. Mwaka 1974 yeye na Peter Britton walichapisha utafiti kuhusu shakwe na buabua wa Afrika Mashariki: ni aina zipi zinapita tu, zipi zinazaa hapa, zinazaa wapi, na mwezi gani. Hadi leo mtu anayetaka kujua hali ya ndege hao ilikuwaje nusu karne iliyopita huanzia hapo.

Picha inayotoka ni hii. Ufuo wetu ni mrefu, lakini mahali pa kutagia ndege wa baharini ni pachache mno. Visiwa vya Kiunga, kaskazini mwa Lamu, vipatavyo hamsini na vyote vya jiwe la matumbawe, ndivyo vinavyobeba mzigo mkubwa. Hapo hutaga shakwe wa kahawia mwenye kichwa cheusi, buabua wa waridi mwenye kifua kinachoiva rangi wakati wa kuzaa, buabua mwenye mgongo wa kahawia na mstari mweupe juu ya jicho, na yule wa kahawia mtupu mwenye paji jeupe. Kusini zaidi kuna kisiwa kidogo karibu na Watamu, kile kinachofananishwa na nyangumi, na kuna Kisite, mbele ya Shimoni na Wasini. Majirani zetu wa Zanzibar wana Fungu Mbaraka, ambalo ramani za Kiingereza huliita Latham, lililo peke yake katikati ya bahari.

Ndege hawa huzaa wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Septemba. Ni miezi ambayo bahari imechafuka na vyombo vidogo haviendi mbali kwa urahisi. Kiota cha buabua hakina hata ujiti: ni shimo dogo kwenye mchanga, au mwamba mtupu, au kivuli cha kichaka. Yai lina madoadoa linafanana na changarawe. Mtu anayetembea kisiwani bila kuangalia chini anaweza kuyakanyaga mayai na asijue.

Mvuvi wa Pwani hahitaji kufundishwa thamani ya buabua. Akiwaona wamejikusanya mahali na kujitupa majini, anajua jodari au nguru wapo chini wakiwasukuma dagaa juu. Ndege na mvuvi wanafuata samaki wale wale. Lakini pia ni kweli kwamba mayai ya ndege wa baharini yameokotwa kwa miaka mingi, na mvuvi aliyelala kisiwani siku tatu akiwa na njaa hakuona ubaya kuchukua kikapu. Zamani, watu wakiwa wachache na mashua zikienda kwa tanga, pengine ndege waliweza kufidia. Leo kuna mashine, kuna boti za kupeleka wageni matembezi, kuna panya wanaoshuka kutoka vyomboni. Kisiwa ambacho kusi ilikuwa ikikilinda sasa kinafikika.

Kiunga ilitangazwa hifadhi ya bahari mwaka 1979, mwaka mmoja kabla ya kifo cha Brown. Mwaka 1980 kitabu chake na Britton kuhusu majira ya kuzaa ya ndege wa Afrika Mashariki kilitoka. Mwezi Agosti mwaka huo huo moyo wake ulisimama, akiwa na umri wa miaka 63. Juzuu ya kwanza ya kitabu kikubwa cha ndege wa Afrika, alichokuwa akikiandaa na Urban na Kenneth Newman, ilichapishwa mwaka 1982, yeye akiwa kaburini.

Tunachoweza kukifanya

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tumkumbuke Mskoti aliyehudumu katika serikali ya kikoloni, wakati mabaharia na wavuvi wetu waliwajua ndege hawa karne nyingi kabla yake? Swali ni la haki. Ujuzi wa wavuvi wa Kiunga na Wasini ni mkubwa, na kama ungeandikwa ungejaza vitabu. Brown hakuwagundua buabua. Alichokiacha ni hesabu yenye tarehe. Kwa hesabu hiyo, mtu wa leo anayesema ndege wamepungua anaweza kuthibitisha, na anayesema wako vile vile anaweza kupingwa. Bila hesabu, kila mmoja wetu anabaki na kumbukumbu za babu yake, na kumbukumbu hazikubaliki kwenye meza ya mkutano wa kaunti wala wa wizara.

Tunahitaji mambo matatu, na hakuna hata moja linalotaka fedha nyingi.

Kwanza, visiwa vya kutagia viachwe wakati wa kusi. Si lazima bahari yote ifungwe. Mvuvi avue, mwenye boti apeleke wageni wake kwenye matumbawe, lakini asishuke kisiwani kuanzia Juni mpaka makinda yaruke. Wazee wetu walikuwa na desturi za kufunga maeneo ya uvuvi kwa majira. Na siku hizi vikundi vya ufuo vya usimamizi wa uvuvi vinafunga maeneo ya pweza na kuyafungua baada ya miezi. Kufunga kisiwa kwa miezi minne ni jambo la aina hiyo hiyo.

Pili, vijana wa Kiunga, Watamu na Shimoni ndio wafanye hesabu. Kazi ya Brown haikuhitaji mashine. Ilihitaji darubini, daftari, kalamu, na mtu wa kurudi mahali pale pale kila mwaka. Kijana anayeijua bahari hiyo tangu utotoni anaweza kuifanya vizuri kuliko mgeni anayekuja wiki moja na kuondoka. Shule na hifadhi zikishirikiana, baada ya miaka kumi tutakuwa na kumbukumbu yetu wenyewe, kwa lugha yetu.

Tatu, tuache kudanganywa na wingi. Hili ndilo gumu zaidi. Ukisimama Mida wakati maji yamekupwa na kuona maelfu ya ndege, ni rahisi kusema hakuna tatizo. Ndege wa baharini huishi miaka mingi, kwa hiyo kundi linaweza kuonekana kubwa kwa muda mrefu huku halizai. Siku wazee wanapokufa, kundi linaporomoka kwa ghafla, na hapo watu hushangaa wamekwenda wapi.

Mkulima wa chai wa Bomet anaielewa hatari hii. Anajua kwamba ukanda wake wa chai ni mwembamba, na kwamba msitu ulio juu yake ukikatwa, chai inaweza kuendelea kuonekana ya kijani msimu mmoja au miwili kabla majani hayajaanza kupungua kwenye kapu. Hangoji mnada wa Mombasa umwambie. Anautazama msitu.

Sisi wa Pwani tunatazamana na visiwa. Kusi ijayo itakapoanza kuvuma, buabua watarudi kwenye jiwe lile lile ambalo Brown na Britton waliliandika mwaka 1974. Wakikuta panya, mbwa, au watu wanaotembea huku na huko, hawana Kiunga nyingine ya kwenda.